Jozi ya Mkaguzi wa Wayoni

Katika nchi ya Wayoni, watu wanaoshona viatu hawaisikii miguu yao. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kila mtu alilijua, na hapakuwa na mtu aliyelitamka.

Chande Likwata alilibaini siku yake ya tatu kazini, saa nne asubuhi, pale Bi Sikitu alipopita mbele yake kwenda kuchota gundi. Nyuma yake sakafu ilibaki na alama nyekundu, moja kila baada ya hatua mbili.

"Bi Sikitu," akamwita. "Unatoka damu."

"Wapi?"

"Mguuni. Wa kulia."

Bi Sikitu akatazama chini, akaziona zile alama, akashusha pumzi kama mwanamke aliyekumbushwa kwamba ameacha nguo kambani na mvua inakuja. Akaenda nyuma ya pazia, maana katika Wayoni kila ukumbi wa kazi una pazia la miguu, akavua kiatu na kung'oa msumari wa soli wenye urefu wa nusu kidole. Alikuwa ameukanyaga tangu alipoingia kazini alfajiri.

"Haukuuma?" Chande akauliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Ungeuma ningejua. Na wewe, kaka, mwanamke haulizwi habari za mguu wake mbele za watu. Huko kwenu mlifundishwa adabu gani?"

"Kwetu mtu akitoka damu tunamwambia."

"Basi umeshaniambia. Rudi kwenye benchi lako."

Chande alikuwa fundi viatu wa Masasi, mtu wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye vidole vya miguu vilivyotawanyika kama mizizi ya tangawizi. Shule aliiachia darasa la nne kwa sababu baba yake alikufa na benchi la ushonaji lilikuwa halina mtu. Namna alivyofika Wayoni si habari ya maana. Alifika, na mfuko wake begani, na ndani ya mfuko mlikuwa na kisu, msharasi wa kutobolea ngozi, nta, uzi, brashi moja na kipande cha kaniki cha kupangusia.

Mpakani mlinzi alimtazama usoni vizuri tu. Alipoteremsha macho akakuta katambuga za tairi na vidole kumi vikiwa nje, akageuka akatazama ukuta. Chande akapewa viatu vya kufunika, vya kuazima, na kuambiwa asivivue mbele ya macho ya mtu mwingine mpaka siku atakayoondoka. Katika Wayoni mguu mtupu hauonyeshwi. Watu huoga na viatu vya mpira. Wapo wanandoa waliokaa pamoja miaka thelathini, wamezaa, wamezika, wamejenga, na hakuna anayejua vidole vya mwenzake vimekaaje.

Salamu yao nayo ni ya namna yake. Anayesalimia husema, "Viatu vyako?" Anayejibu husema, "Vinang'aa." Hakuna jibu jingine. Msibani hujibiwa hivyo, na mgonjwa anayekata roho hujibu hivyo, na asipoweza mkewe humjibia.

Kazi alipata siku ile ile, kwa sababu Wayoni huuza viatu duniani kote na mikono haitoshi. Kiwanda kilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa wa gundi wenye watu tisini na sita na madirisha kumi na mawili. Madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa misumari, misumari ya kiwanda chenyewe, kichwa hadi kichwa. Harufu ya gundi ilikuwa tamu kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Saa ya kwanza ilimchangamsha mtu akaanza kuimba. Saa ya pili kichwa kilianza kugonga. Mwenye mwaka mmoja ndani ya ukumbi ule alikuwa hainusi tena.

Mgeni hakabidhiwi viatu vya kuuza, kwa hiyo Chande aliwekwa kwenye benchi la matengenezo, kushona viatu vya wafanyakazi wenyewe. Na hapo ndipo watu wa Wayoni walipokosea, maana unaweza kuuficha mguu, lakini fundi ukishampa kiatu umempa mguu. Chande alichukua kiatu cha kwanza akakipindua: kisigino kizima, soli ya mbele imekwisha. Cha pili hivyo hivyo. Akatoa vyote vilivyokuwa kwenye kikapu, jozi arobaini, akavipanga juu chini kwenye benchi. Vyote vilikuwa vimelika mbele, kwenye ncha, kama vimesuguliwa kwa makusudi.

Katika miaka yake yote Masasi alikuwa ameona kiatu kilicholika hivyo mara mbili. Vyote viwili vilikuwa vya wazee waliopooza upande mmoja, wanaouburuta mguu kwa sababu hauinuki.

Wakati wa chakula alimfuata Bi Sikitu alipokuwa amekaa peke yake na bakuli la uji. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye ulimi mkali na mikono iliyopaka gundi soli mia mbili kwa siku. Chande alikuwa amepanga chumba kwake, kwa hiyo alijua kwamba kila anapotoka nyumbani hushika ukuta mpaka mlangoni.

"Nimetazama viatu arobaini," akamwambia. "Watu arobaini hawainui miguu."

"Unasema kwa sauti."

"Nasema. Tatizo lako lilianza lini?"

Bi Sikitu aliendelea kula. Alipomaliza akafuta bakuli kwa kidole, akasema huku anatazama mbele, "Mwaka wa nne. Ilianza vidoleni, kama ganzi ya kukalia mguu. Nikangoja iondoke. Ikapanda mpaka kwenye kifundo. Mwaka huu imefika chini ya goti. Vitatu wameshavikata, vilioza sina habari. Viwili vingine vimeanza kuwa vyeusi. Daktari anasema nikimaliza msimu mwingine humu ndani, sitatembea. Umefurahi sasa?"

"Mbona hamfungui madirisha?"

"Vumbi."

"Vumbi linamdhuru nani?"

"Jozi," akasema Bi Sikitu, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini mchana kuna jua.

Ilibidi Chande aende mwenyewe Ofisi ya Usalama Kazini kuelewa. Alipokewa na Mkaguzi Mkuu, Bwana Nadhifu, mtu mwembamba wa heshima, aliyesimama kumpa mgeni mkono na kumwagizia kahawa. Chumba chake kilikuwa kimezungukwa na makabati ya kioo, na ndani ya makabati mlikuwa na buti nyeusi, jozi baada ya jozi, kila moja na tarehe yake.

"Viatu vyako?" akauliza Bwana Nadhifu.

"Vya kwangu ni vizima. Nimekuja kwa habari ya miguu."

Bwana Nadhifu akakohoa kwa ustaarabu, akasogeza sukari.

Akaeleza bila kuficha neno, kwa kuwa aliiona habari yenyewe kuwa ya fahari. Miaka kumi na tisa iliyopita mkaguzi mmoja aliingia katika ukumbi wa gundi, akakaa saa tatu, akatoka anayumba, akaanguka ngazini akavunjika nyonga. Nchi nzima ilisikitika. Baraza likakaa, likaona kwamba haiwezekani serikali inayosimamia usalama kazini iwapeleke watumishi wake mahali pasipo salama.

"Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mkaguzi mahali," akasema, "lazima kwanza tuhakikishe kwamba mahali pale ni salama."

"Mnahakikishaje?"

"Kwa kupakagua."

"Nani anapakagua?"

Bwana Nadhifu akanyoosha mkono kuelekea kwenye makabati. "Viatu vyake. Ndicho kifungu cha kwanza cha sheria: Mkaguzi ni viatu vyake. Mara mbili kwa mwaka tunatoa Jozi mpya. Inapelekwa kiwandani juu ya sinia, inakaa katikati ya ukumbi kuanzia asubuhi hadi jua linapotua, halafu inaletwa. Ikirudi inang'aa, kiwanda ni kizima. Ikirudi na vumbi, kiwanda kina ugonjwa na kinafungwa siku arobaini."

"Na mkaguzi mwenyewe?"

"Anabaki hapa. Katika miaka kumi na tisa hatujapoteza mkaguzi hata mmoja." Akaelekeza kidole ukutani, kwenye kibao cha shaba kilichosema hivyo hivyo.

"Kwa nini vumbi? Mbona si harufu?"

"Wataalamu walikaa vikao kumi na vinne, wakajiuliza kiatu kinaweza kuonyesha nini. Ikaonekana kinaweza kuonyesha vumbi."

"Viatu havinusi, bwana mkubwa."

"Havinusi," akakubali Bwana Nadhifu, kwa upole kabisa. "Ndiyo maana haviugui."

Chande akanywa kahawa yake akamaliza. Kwenye kona aliona kabati dogo lililopakwa rangi nyeusi, lenye jozi moja tu, kijivu kwa vumbi. Hiyo, akaambiwa, ilitoka katika kiwanda chake, mwaka wa kwanza wa sheria. Kiwanda kilifungwa siku arobaini. Watu waliuza vyungu. Kilipofunguliwa, msimamizi alipigilia madirisha yote kumi na mawili, na wafanyakazi ndio waliomshikia ngazi.

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo kinang'aa. Ni kiwanda cha mfano."

Siku ya ukaguzi iliangukia wiki iliyofuata. Asubuhi ukumbi ulipigwa deki mara tatu, nyufa za milango zikajazwa matambara. Msimamizi wa kiwanda, mtu mnene aitwaye Pazi, alizunguka na mshumaa kuhakikisha kwamba hakuna upepo unaoingia. Kisha tarumbeta ikalia nje, mlango ukafunguliwa kwa upana wa mabega tu, na Jozi ikaingia: buti mbili nyeusi juu ya sinia la fedha, zimebebwa na wapagazi wawili waliovaa glavu, na juu yake mwavuli. Nyuma yake akaja karani na kitabu cha sheria kifuani. Watu tisini na sita wakasimama. Jozi ikawekwa juu ya kitambaa cheupe katikati ya ukumbi. Mlango ukafungwa.

"Viatu vyako?" Pazi akaisalimu, akainama.

"Vinang'aa," karani akajibu kwa niaba yake.

Chande akaondoka kwenye benchi lake, akatembea hadi katikati, akavua viatu vya kuazima mbele ya watu wote, na kuingiza miguu yake ndani ya zile buti. Zilimbana kidogo vidoleni. Akasimama.

Mmoja wa wapagazi akaangusha sinia.

"Toka humo," Pazi akasema.

"Karani," Chande akasema, "kifungu cha kwanza kinasemaje?"

Karani alikuwa kijana msomi, na msomi ukimuuliza kifungu hawezi kunyamaza. "Mkaguzi ni viatu vyake."

"Viatu vyenyewe ni hivi?"

"Ndivyo."

"Vina mtu ndani, au mimi naota?"

"Vina mtu."

"Sheria inasema viwe vitupu?"

Karani akafungua kitabu. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akalamba kidole, akapekua tena. Jasho likamtoka. "Hakuna kifungu kinachosema," akasema mwishowe. "Ilidhaniwa tu."

"Basi mpaka jua litue mkaguzi ni mimi. Bwana Pazi, leta nyundo. Ng'oa misumari."

Pazi alimtazama karani. Karani alitazama kitabu. Kitabu kilikuwa upande wa Chande, na katika Wayoni hakuna mtu aliyewahi kumkatalia mkaguzi, kwa sababu hakuna mkaguzi aliyewahi kuomba kitu.

Aliyekataa ni Kitunda, mkata ngozi mkongwe, mwenye mabega ya mbeba mizigo na fimbo mbili za kutembelea. Alijikokota hadi mbele ya dirisha la kwanza akaliziba kwa mgongo.

"Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Huyu kaja mwenyeji afe njaa. Vumbi likiingia tunafungiwa siku arobaini. Wewe utarudi kwenu ukale mihogo yako. Mimi nina watu saba ndani."

"Kweli," sauti zikasema kutoka kwenye meza za gundi. "Kweli kabisa."

"Mwambie, Sikitu," Kitunda akasema. "Ni mpangaji wako. Mwambie mwaka ule tulikula nini."

"Tulikula ngozi," Bi Sikitu akasema. "Tuliichemsha." Akamgeukia Chande. "Kaka, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miguu tutaikosa kidogo kidogo. Njaa huua kwa mwezi mmoja. Sisi tulishachagua."

Chande hakuwa na hotuba. Hakuwahi kuwa nayo. "Hamtafungiwa," akasema.

"Unajuaje?"

"Mimi ni fundi viatu."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha, lakini kilimtoa Kitunda dirishani kwa kuwa alilazimika kushika fimbo zake asianguke. Chande akachukua nyundo mwenyewe.

Misumari ya miaka kumi na tisa haitoki kwa heri. Ilichukua saa nzima kufungua dirisha la kwanza, na liliposukumwa lilitoka na fremu yake. Upepo ukaingia. Ulikuja na vumbi la barabara, kama walivyosema, na vumbi likatua juu ya meza, juu ya soli mbichi, juu ya buti za serikali. Watu wakalitazama likitua juu ya zile buti kama watu wanaotazama nyumba ikiungua. Chande akaendelea kwenye dirisha la pili. La tatu lilifunguliwa na mtu mwingine, mwanamke wa meza ya visigino. Kufikia adhuhuri yote kumi na mawili yalikuwa wazi.

Bi Sikitu alikuwa amesimama karibu na la nne. Alivuta pumzi, akavuta tena, uso umekunjamana.

"Kuna mtu anakaanga vitunguu," akasema. "Tangu lini kuna mtu anakaanga vitunguu hapo nje?"

"Miaka kumi na mmoja," akasema Kitunda. "Ni dada yangu. Ana kibanda."

Bi Sikitu akavuta kigoda katikati ya ukumbi, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Wanaume wakageuza nyuso. "Geukeni mtazame," akawaambia. "Mmeshaona damu yangu sakafuni wiki nzima, mguu nao utawafanya nini?"

Mguu ukatoka. Ulikuwa wa kijivu, mwembamba chini ya goti kama mwiko, vidole vitatu havipo na viwili vyeusi. Hakuna aliyekufa kwa kuuona. Yule mwanamke wa visigino akaanza kufungua vyake.

"Mkaguzi," Bi Sikitu akasema, "haya. Kagua."

Chande akaokota unyoya wa kuku dirishani. Akamwambia karani akae aandike. Kipimo chake kilikuwa cha mtu wa darasa la nne: mtu afumbe macho, aguswe kidole cha mguu kwa unyoya, aseme kama amesikia. Asiposikia unyoya, abonyezwe kwa kidole gumba. Asiposikia gumba, aguswe kwa ncha ya msharasi, ule ule unaotoboa ngozi ya ng'ombe.

Wakaketi wote tisini na sita, mmoja baada ya mwingine. Katika ukumbi ambao haukuwa umewahi kuonyesha kisigino, mlikuwa na miguu mia moja tisini na miwili nje, na Pazi msimamizi alikaa wa mwisho, akavua soksi zake za hariri, na unyoya hakuusikia. Alibonyezwa kwa gumba, hakulisikia. Alifumbua macho akakuta ncha ya msharasi iko ndani ya ngozi yake, imeshatoa tone la damu.

"Umeanza?" akauliza.

"Nimemaliza, bwana," Chande akamjibu.

Pazi akautazama ule mguu wake kwa muda mrefu, kama umeletwa na mtu mwingine akausahau pale.

Jua lilipokaribia kutua, Bwana Nadhifu alifika na ujumbe wake, akasimama nje ya lango, hatua thelathini kutoka mlangoni, umbali wa kisheria. Alikuwa na kioo cha kukuzia. Alingoja sinia. Badala ya sinia akaona buti zinatoka zikitembea, na Chande juu yake, na nyuma yake wafanyakazi wamejaa mlangoni, wengine bado bila viatu.

Wajumbe wakatazama angani. Bwana Nadhifu, kwa kuwa alikuwa mtu wa wajibu, alitazama buti. Hakuhitaji kioo. Zilikuwa za kijivu hadi kwenye kamba.

"Vumbi," akasema kwa huzuni ya kweli. "Kiwanda kina ugonjwa. Siku arobaini."

Kitunda akapiga fimbo chini. "Si nilisema?"

Chande akaketi kwenye ngazi. Akafungua mfuko wake, akatoa brashi na kile kipande cha kaniki. Akapiga brashi buti ya kushoto, akaipangusa ncha, akaipangusa pembeni, akatema mate kidogo, akapangusa tena. Akaenda kwenye ya kulia. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Huko Masasi huifanya mara sitini kwa siku kwa watu wanaoharakisha kwenda kazini. Alipomaliza alisimama, akainua suruali kidogo ili zionekane.

Zilikuwa zinang'aa.

"Unafanya nini?" akauliza Bwana Nadhifu.

"Napangusa viatu vyangu."

"Inaruhusiwa?" Bwana Nadhifu akamuuliza karani.

Karani hakufungua kitabu. "Kifungu cha kumi na moja. Kila mtu na apanguse viatu vyake mwenyewe, na asipangusiwe na mwingine. Jozi haikuwahi kupanguswa kwa sababu ilikuwa haina mwenyewe."

Bwana Nadhifu akasogea. Akavuka zile hatua thelathini bila kujua kwamba anazivuka, akasimama mlangoni, na hewa ya ukumbi, iliyokuwa bado na utamu wake hata baada ya siku nzima ya upepo, ikamfikia. Alishika fremu ya mlango.

"Ni hayo tu?" akauliza. "Kitambaa?"

"Kitambaa," Chande akasema. "Na mtu wa kukishika."

Kitunda aliketi chini palepale kwenye mchanga, fimbo zake mbili magotini. "Nilimshikia ngazi," akasema, bila kumwambia mtu. "Siku ile ya kupigilia. Mimi ndiye niliyeshika ngazi."

Bi Sikitu akaenda akakaa karibu naye.

Kiwanda hakikufungwa. Madirisha hayakurudishwa misumari, na katika mwezi uliofuata viwanda vingine saba vilifungua ya kwao. Ofisi ya Usalama Kazini ilikaa vikao ishirini, ikamteua Afisa wa Kitambaa, mwenye msaidizi na muhuri. Lakini pia ilikubali kwamba Jozi ikague ikiwa imevaliwa, na mkaguzi wa kwanza kuivaa alikuwa Bwana Nadhifu mwenyewe, ambaye alikaa saa mbili katika ukumbi wa rangi wa kiwanda cha jirani, akatapika, na akaandika ukurasa wake wa kwanza wa ukaguzi katika maisha yake. Chande aliombwa kwa heshima aondoke nchini. Sababu iliyoandikwa ni kwamba vidole vyake vipana viliitanua Jozi ya Serikali. Alirudi kwao na katambuga zake.

Lakini kabla hajaondoka karani alimletea taarifa ili aweke dole gumba. Taarifa za ukaguzi za Wayoni, zote thelathini na saba zilizotangulia katika kile kiwanda, isipokuwa ile ya vumbi, zilikuwa za neno moja: Vinang'aa. Hii ya thelathini na nane ilisomeka hivi:

Miaka, kumi na tisa. Madirisha yaliyofungwa, kumi na mawili. Watu waliopimwa, tisini na sita pamoja na msimamizi. Wasiosikia unyoya, themanini na mmoja. Kati yao wasiosikia gumba, hamsini na wawili. Kati ya hao wasiosikia msharasi, thelathini na saba. Vidole vilivyokwisha kukatwa, ishirini na tisa. Bi Sikitu: vidole kumi vya kuzaliwa, saba vilivyobaki, viwili kati ya hivyo vya kukatwa wiki ijayo, na kinachosikia, kimoja. Kitambaa kilichotumika, kimoja.